Mwongozo wa 2012, daraja la 2025: maswali yenu kuhusu vitabu

Ukipita kwenye meza za vitabu vya mtumba mjini Mwanza, kati ya kamusi na vitabu vya mitihani utakuta aina mbili za vitabu ambazo wanunuzi wengi hawajui wazifanyie nini: miongozo ya wasafiri wa mfuko mdogo, na vitabu vya falsafa vilivyoandikwa kwa mzaha na mafumbo. Barua za mwezi huu zimezihusu zote mbili. Tumezifupisha kidogo.

*Habari za kazi. Nimeona mwongozo wa safari wa Afrika Mashariki, wa 2012. Muuzaji anataka 10,000. Nataka kuanza kutembea mwenyewe, Ukerewe kwanza, halafu Chato na Bukoba. Wenzangu wananicheka, eti kila kitu kipo kwenye simu. Ninunue?*
Kijana wa Igoma

Nunua, lakini usitoe 10,000. Kabla ya kutaja bei yako fungua kurasa za ramani, maana ndizo za kwanza kuchanwa, kisha ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina. Mwaka wa toleo ndio unaoutafuta. Usichanganywe na mwaka wa kuchapwa upya, kwani kitabu huweza kuchapwa tena bila kubadilishwa hata nukta. Kumbuka pia kwamba mwandishi alipita kwenye stendi na gesti mapema kabla kitabu hakijatoka, kwa hiyo bei za kitabu cha 2012 ni za 2011 au nyuma ya hapo. Kwa kitabu chenye umri huo, na kama ramani ni nzima, 5,000 inatosha.

Sasa chukua penseli, ukisome ukijua kwamba si kila mstari umezeeka sawa. Namba za simu, ratiba na majina ya gesti vihesabu vimekufa mpaka uthibitishe. Mfano uko njiani kwako. Mwongozo wa 2012 utakufundisha kupanga foleni ya pantoni Kigongo ili uvuke kwenda Busisi, na utakushauri utenge muda wa kutosha kwa kusubiri. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Basi la Chato linapita hapo kwa dakika chache, na ukurasa ule sasa ni historia. MV Victoria ya kwenda Bukoba nayo ilisimama miaka kadhaa kwa matengenezo, ikarudi majini 2020, kwa hiyo usiamini siku za safari zilizoandikwa humo. Nenda ukaulize bandarini. Kisiwa cha Saanane hakitaitwa hifadhi ya taifa katika kitabu chako kwa sababu hadhi hiyo ilikuja 2013, na viingilio vyake havifanani tena na vya zamani. Mabasi ya Musoma yanayotajwa kuwa stendi ya Buzuruga, uliza kwanza stendi ya Nyamhongolo.

Lakini kuna sehemu ambazo umri hauzigusi. Ukerewe ina njia mbili: meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au barabara ya kuzunguka kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko cha kwenda Rugezi. Hapo ndipo simu inapokupunja. Simu hujibu ulichouliza, na mtu asiyejua kwamba Kisorya ipo hawezi kuiuliza. Mwongozo mzuri unakuwekea njia zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na siku meli ikiahirishwa unajua pa kukimbilia. Majira ya mvua hayajahama sana kwenye karatasi, masika Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka. Onyo la kichocho nalo lisome kama lilivyo. Maji ya ufukweni yaliyotulia, yenye majani na konokono, ni ya hatari leo kama yalivyokuwa wakati ule, hata kama watoto wanaogelea hapo kwa furaha.

Bei zina namna yake ya kuzifufua. Chukua kitu kimoja unachokijua leo, tuseme sahani ya wali na samaki kwenye mgahawa wa kawaida. Kitabu kikisema 3,000 na wewe leo unalipa 7,000, gawanya: 7,000 kwa 3,000 ni kama 2.3. Gesti iliyoandikwa 15,000 itegemee kwenye 35,000 hivi, ukiongeza kidogo kwa usalama. Hesabu hii inafaa kwa chakula na malazi. Kwa nauli za mabasi inakwama, kwa sababu viwango vinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na haviendi pamoja na bei ya samaki. Kwa viingilio vya hifadhi inakwama zaidi. Na bei ikiwa imeandikwa kwa dola, usiizidishe kwa kiwango cha leo ukadhani umemaliza: mwaka 2010 dola moja ilikuwa kati ya shilingi 1,300 na 1,500, mwaka 2024 ilivuka 2,500. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo gesti ikikutajia dola una haki ya kuuliza shilingi.

Miongozo hii tangu mwanzo ilikuwa na ugonjwa wa bei. Arthur Frommer, Mmarekani, alitoa mwaka 1957 mwongozo wa kutembea Ulaya kwa dola 5 kwa siku, na hiyo 5 akaiweka kwenye jina la kitabu. Matoleo yaliyofuata yalilazimika kupandisha namba jaladani mara kwa mara. Watu waliendelea kukinunua hata hivyo, kwa kuwa walichokuwa wakijifunza ni jinsi ya kutafuta chumba kisicho na bafu la ndani na kula wanapokula wenyeji, na hilo halikubadilika namba ilipopanda.

Jambo la mwisho kwako ni saa. Vitabu hivi vimeandikiwa wageni, kwa hiyo saa zake ni za Kizungu. "9" ya asubuhi humo ni saa tatu. Shida inakuja pale mwenye kitabu wa zamani alipoandika pembeni kwa kalamu "saa 9" bila kusema ni ya nani. Ukikuta maandishi ya namna hiyo, yafute kabisa, ukaulize dirishani.

*Mwongozo wangu una kurasa zaidi ya 600 na mimi nakwenda visiwani kwa siku nne na begi dogo la mgongoni. Je, ni vibaya kuchana kurasa ninazotaka? Pia kingine changu kililowa kwenye mtumbwi, kurasa zimegandana.*
Msomaji wa Kirumba

Wasafiri wa bei nafuu wamekuwa wakiikata miongozo kwa miaka mingi na hakuna aliyefungwa. Cha muhimu ni kukata, usichane. Vitabu vingi vya aina hii vimeunganishwa kwa gundi mgongoni, na ukivuta ukurasa mmoja gundi huachia, jirani zake wanafuata mmoja mmoja safarini. Fungua mahali sura inapoanzia, pinda kitabu kuelekea nyuma mpaka mgongo ulale wazi mezani, kisha pitisha wembe mpya kwenye gundi yenyewe kwa mikato myepesi kadhaa. Fanya vivyo hivyo sura inapoishia. Kipande kitoke na utepe wa gundi yake. Kizungushie karatasi ngumu ya boksi kama jalada, piga pini tatu za stepla milimita 5 kutoka ukingoni, na uzifunike kwa selotepu ili zisikwaruze begi. Kata pia kurasa za afya na maneno ya msingi, huwa mwishoni, na watu huzisahau. Kitabu kilichobaki kifunge kwa mpira na ukiweke nyumbani, vipande virudi humo baada ya safari.

Kilicholowa kinategemea karatasi. Kama ni ya kawaida, isiyong'aa, kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, na kila baada ya saa chache kigeuze juu chini. Jua kali hukunja karatasi na kupasua gundi ya mgongo. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya kitu kizito usiku mzima. Karatasi zinazong'aa, zile za picha za rangi, zina tabia mbaya: zikikauka zikiwa zimebanana huwa kitu kimoja na hakuna dawa. Kama bado zina unyevu, pitisha karatasi ya kuokea kati ya kila ukurasa sasa hivi. Kama zimeshakauka, zihesabu zimekwenda. Safari ijayo weka kipande chako kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kisha ndani ya begi, mbali na chupa ya maji, kwani chupa huharibu vitabu vingi kuliko ziwa.

*Mume wangu ananunua vitabu vya falsafa vyenye vichekesho na mafumbo. Anacheka peke yake sebuleni. Mimi naona ni kupoteza hela. Mtu atajuaje kama kitabu cha aina hiyo kina kitu?*
Mama wa Buzuruga

Vingine havina kitu, dada, na una haki ya kulalamika. Pima hivi. Fungua popote, soma mzaha mmoja, kisha uufute kichwani mwako ukiuliza: hoja imebaki? Kitabu kizuri ukikiondolea mzaha hoja nayo inaanguka, maana mzaha ndio uliokuwa umeibeba. Kitabu kibaya ukikiondolea mzaha hakuna kinachopungua. Kibaya zaidi ni kile chenye nukuu za wahenga wa Ugiriki zilizopangwa kama kadi za Idd, bila kuonyesha walifikaje huko. Hicho kiache mezani.

Sentensi "Sentensi hii ni ya uongo" ni mfano mzuri. Ikiwa ni kweli, basi ni ya uongo kama inavyosema. Ikiwa ni ya uongo, basi inachosema si kweli, kwa hiyo ni ya kweli. Unacheka, halafu kicheko kinakatika, kwa sababu ulikuwa unaamini kila sentensi ni ya kweli au ya uongo, na hii haikubali upande wowote. Wanamantiki wamehangaika nayo tangu enzi za Wagiriki na bado hawajakubaliana. Na wanaocheza hivi mara nyingi si watu wa mchezo. Mwandishi wa Alice katika nchi ya ajabu, anayejulikana kwa jina la Lewis Carroll, alikuwa mwalimu wa hisabati Oxford na aliandika vitabu vya mantiki. Kitabu chake hicho kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, kikiitwa *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Ukikiona kwenye mtumba, usikipite.

Kuhusu hela, mwambie mzee wa nyumba asome fumbo moja kwa siku, na asigeuze ukurasa wa majibu mpaka amelieleza kwako bila kuangalia kitabu. Kitabu cha mafumbo 100 kinachosomwa jioni moja ni hasara kweli. Kikisomwa hivi kinakaa miezi mitatu. Na kama anachocheka hawezi kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, hajakielewa. Vingi vya vitabu hivi viko kwa Kiingereza na lugha huficha mengi.

*Shikamooni. Nafundisha kidato cha tatu hapa Nansio, darasa la wanafunzi 45. Ningependa kutumia mafumbo ya falsafa kwenye klabu ya mdahalo. Nina kitabu kimoja cha Kiingereza. Nilichokijaribu kiliishia kelele. Nianzeje?*
Mwalimu wa Ukerewe

Pole na kazi, mwalimu. Kelele mara nyingi zinaletwa na fumbo lenyewe, watoto hawana kosa. Fumbo la kitabuni limeandikwa kwa msomaji mmoja aliyekaa kimya. Darasani linahitaji mwenye mali, hasara na uamuzi.

Kwanza watenganishie mafumbo ya aina mbili. Lile la chui, mbuzi na majani kuvushwa kwa mtumbwi mdogo lina jibu: unaanza na mbuzi, unarudi naye unapompeleka chui, unavuka na majani, na mwisho unamfuata mbuzi, mivuko 7 kwa jumla. Watoto wakizoea hayo wanadhani kila fumbo lina jibu mfukoni mwa mwalimu, na wanakusubiri useme. Anza nalo kwa dakika chache, waone linavyokwisha, kisha waambie linalofuata halikwishi hivyo.

Linalofaa kwenu ni la mtumbwi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, ndiye aliyesimulia jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Usiwapelekee Theseus mapema. Wapelekee hivi: mzee ana mtumbwi wa mbao uliosajiliwa, namba imepakwa rangi ubavuni. Mwaka wa kwanza anabadilisha mbao mbili, mwaka wa pili mataruma, yaani mbavu zake za ndani, mwaka wa tano mkuku, ile boriti ya chini. Mwaka wa kumi hakuna kipande cha zamani kilichobaki. Je, ni mtumbwi uleule? Wapigishe kura kwa mikono, andika hesabu ubaoni. Wengi husema ni uleule, maana namba ni ileile na mzee ni yuleyule.

Halafu ongeza alichoongeza Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17. Kila ubao uliotolewa, jirani alikuwa anauokota. Mwaka wa kumi ameziunga zote kwa mpangilio wake wa awali na mtumbwi unaelea. Sasa kuna mitumbwi miwili. Piga kura tena. Hesabu ya kwanza itayumba, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kisha geuza sharti moja tu: mzee amefariki, wosia unasema "mtumbwi wangu apewe mwanangu mkubwa". Upi? Kura ya tatu. Utaona mtoto aliyeshikilia mbao mara ya kwanza sasa anashikilia usajili, na mwenzake atamuuliza kwa nini amehama. Swali hilo likitoka kwa mwanafunzi mwenyewe, wewe nyamaza.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: 5 za kueleza na kura ya kwanza, 10 za vikundi tisa vya watu watano, 15 za mjadala wa darasa zima pamoja na kura mbili zinazobaki, 10 za kila mmoja kuandika sentensi nne, ikiwemo moja inayoeleza hoja ya aliyempinga kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali. Usifute dakika za kuandika muda ukibana. Bila hizo kinachobaki ni nani alipaza sauti.

Yatakayoharibika ni haya. Mwanafunzi atasema "inategemea" akakaa chini ameshinda. Muulize inategemea nini, na asikae mpaka ataje kitu kimoja. Mwingine atadai Biblia au Kurani imeshajibu. Mshukuru, mwombe aeleze sababu ambayo mwenzake wa dini nyingine angeweza kuipima. Na wewe mwenyewe, mwishoni utaombwa jibu lako. Ukilitoa, wiki ijayo watakuwa wanakisia unachofikiri.

Fumbo la pili, kwa kipindi kingine, ni la fungu la dagaa, na asili yake ni Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa wa Kigiriki. Ndoo imejaa dagaa. Ukitoa mmoja, bado ni ndoo iliyojaa? Endelea mmoja mmoja. Hakuna dagaa mmoja ambaye ukimtoa ndoo inaacha kuwa imejaa, na bado mwishoni iko tupu. Watoto wanaotumwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanajua ugomvi huu kwa macho, ingawa wao hubishana kwa shilingi.

Kuna fumbo moja tunakuomba usiliguse. Vitabu vingi vya aina hii vina lile la mtumbwi uliozidiwa abiria, nani atoswe majini ili wengine wapone. MV Nyerere ilizama Septemba 2018 ikielekea Ukara, na darasani kwako huenda kuna mtoto aliyezika mzazi. Hilo ni fumbo la watu wa nchi kavu.

Kama unatafuta vya Kiswahili, hekaya za Abunuwasi ni mgodi, hasa zile anapomgeuzia mtu maneno yake mwenyewe. *Kusadikika* ya Shaaban Robert inafaa kwa mjadala wa sheria na haki. Jirani yenu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hapohapo kisiwani, ndiye aliyeisogeza riwaya ya Kiswahili karibu kabisa na falsafa, lakini *Nagona* iache kwa kidato cha sita. Ni fupi na ni ngumu, na kidato cha tatu kitaichukia bure.

*Nina gesti ya vyumba tisa Nyegezi. Kuna mtu amenipigia akisema ataniingiza kwenye kitabu cha wasafiri cha nje nikilipa 300,000. Ni kweli?*
Mfanyabiashara, Nyegezi

Usilipe. Miongozo inayoheshimika haiuzi nafasi. Lonely Planet, kwa mfano, ina sera ya wazi kwamba waandishi wake hawapokei malipo wala huduma za bure ili kusifia mahali. Anayetaka hela kwanza anauza tangazo, na kitabu chenyewe huenda hakipo.

Bila kulipa, waandikie wachapishaji wa miongozo ya Tanzania barua pepe fupi. Wengi hupokea taarifa za wasomaji kwa ajili ya toleo linalofuata. Usisifu gesti yako. Toa idadi ya vyumba, bei kwa shilingi pamoja na tarehe, choo cha ndani au cha nje, maji ya moto yapo au hapana, chandarua, dakika za kutembea kutoka stendi, na alama ya kuelekeza isiyohama, kama msikiti, kanisa au kituo cha mafuta. Ongeza saa ambayo mlango unafunguliwa kwa anayeshuka basi la alfajiri, na uiandike kwa saa za Kizungu.